Wati 12,000 za Uongo

Ami yangu alivuka feri Jumamosi moja amekumbatia boksi kubwa kama aliyebeba mtoto mgonjwa, akaliingiza kwenye tuktuk, akaja nalo mpaka kwetu Mtongwe. Ndani mlikuwa na wufa. Nasema wufa vile sote tunavyosema huku Likoni: lile dude moja kubwa la kuketi sakafuni, na vispika vyake vinne vya plastiki, na taa za buluu zinazochezacheza, na rimoti. Kwenye boksi palichorwa ndimi za moto na kuandikwa kwa herufi kubwa: 12,000W PMPO. Alikuwa ametoa kianzio, na zilizobaki awe analipa kwa simu kila siku, mdogo mdogo, mwaka mzima.

Tukalifungua. Watoto wa jirani wakajaa mlangoni. Nyimbo mbili tatu za kuchezea zikapigwa, bati likatetema, mambo sawa. Kisha bibi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka muda wote bila kusema neno, akamwambia ami atie kanda ya harusi. Ni kanda iliyorekodiwa kwenye harusi ya shangazi yangu, hapo hapo Mtongwe, mwaka 1991. Kina mama waliimba na kujibizana usiku kucha. Bibi aliongoza upande wa bibi harusi, na upande wa pili uliongozwa na shoga yake, mwanamke ambaye mimi sikumwahi. Deki ya kanda tunayo, ya zamani. Tukaiunganisha.

Kilichotoka ni dum, dum, dum. Ngoma ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa ile siku yenyewe. Sauti za wanawake zilitoka kama za watu wanaozungumza chini ya godoro. Ami akaongeza, na dum dum ikaongezeka. Bibi akainamisha kichwa, akasikiliza kitambo, akanyamaza. Ami akatoa hukumu: "Hizi zishakufa, mama. Miaka mingi hii. Hamna kitu tena humu." Siku ya pili kanda zote, kumi na moja, zilikuwa kwenye gunia pamoja na viatu vibovu, zikingoja vijana wa taka.

Naandika haya kwa sababu ya gunia lile. Na naandika kwa hasira, nisema mapema, mtu asije akadhani nimekuja kumuuzia spika.

Tuanze na ile namba. PMPO ni herufi nne ambazo hakuna mtu aliyekubaliana na mwenzake zinapimwaje. Kila kiwanda hujiandikia inayompendeza. Geuza wufa yako nyuma, soma kile kibati kidogo karibu na waya wa umeme. Ya ami yangu imeandikwa hivi: 240V, 50Hz, 65W. Mbele 12,000, nyuma 65. Sai chukua kalamu. Mashine haiwezi kutoa nguvu kuliko inazokula ukutani. Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13 kwa kilele, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha, utapata wati 3,120. Wufa ya wati 12,000 ingekata fyuzi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Pasi ya kunyooshea kanzu hula kama wati 1,000. Kwa hiyo tunaambiwa kwamba ndani ya boksi la mbao laini, jepesi kiasi cha kubebwa mapajani kwenye tuktuk, mna pasi kumi na mbili zinazowaka kwa pamoja. Na tunatoa pesa. Tunalipa kila siku kabla ya kununua mahamri.

Uongo huu haukuzaliwa kwetu. Wauzaji wa Marekani waliwafanyia watu wao vivyo hivyo, mpaka mwaka 1974 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ikaweka kanuni: ukiuza amplifaya ya nyumbani na ukataja nguvu zake, taja zile inazoweza kuzitoa mfululizo, na useme umepima vipi. Miaka hamsini sasa. Waliokatazwa kudanganya kule hawakuacha kazi, walitafuta soko jingine. Soko hilo ni mimi na wewe, na ami yangu aliyejibana mwaka mzima.

Lakini kama ni pesa tu, ningenyamaza. Tushapunjwa kwenye kilo ya nyama, tushapunjwa kwenye betri ya simu, maisha yanaendelea. Kinachonikera ni kile wufa inachokula. Inakula maneno.

Sikiliza. Sisi Wamvita tuna kaa mbili. Kuna kaa la moto, lile la jikoni, na kuna kaa wa pwani, yule anayetembea upande. Kwa maandishi ni neno moja. Kwa mdomo wa bibi yangu ni maneno mawili, manake yule wa pwani hutamkwa na pumzi inayopuliza baada ya k, na lile la jikoni halina. Ni hivyo hivyo kwa paa la nyumba na paa wa porini. Pumzi ile ni kitu chepesi sana. Haiko kwenye besi. Iko juu, kwenye mawimbi ya hezi elfu mbili, tatu, nne na kwenda juu, mahali zinapoishi s na sh na ch na th, mahali sikio linapotofautisha neno na neno. Besi ya wufa iko chini ya hezi mia na kidogo. Kati ya hapo na kule juu ndipo alipo binadamu anayezungumza, na hapo ndipo wufa ya bei rahisi huachia pengo: dude kubwa haliwezi kupanda, na vile vispika vya plastiki, kimoja kimoja kama kikombe cha uji, mara nyingi havina hata tuita ya kwenda juu. Unabaki na tumbo la wimbo. Kichwa hakuna.

Kwa nyimbo nyingine hasara hiyo unaweza kuimeza. Kwa zetu huwezi. Taarab ni mafumbo. Mtu hatungi beti ili utingishe mabega, hutunga ili jirani fulani asikie na asiweze kushtaki. Zein l'Abdin na udi wake, Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, hao wote walifanya kazi yao kwenye ncha ya ulimi. Mji huu ulikuwa na lebo yake, Mzuri, ya duka la Assanand, iliyotoa santuri za watu hawa. Baadaye zikaja kanda za Mbwana Radio zikajaa kila nyumba. Kazi yote ile, ya kurekodi koo la mtu na kidole kinachogusa uzi, tunaipitisha leo kwenye mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya mlipuko wa filamu. Halafu kijana wa miaka ishirini anakwambia taarab za zamani hazisikiki vizuri. Kweli hazisikiki. Ameziskia wapi?

(Lugha yenyewe ilituambia mapema. Tuliita kitu hiki kipaza sauti. Hakuna aliyewahi kukiita kipaza tumbo.)

Najua jibu mtakalonipa, nalo lina haki yake. Besi ni raha. Matatu ya Bamburi bila besi ni gari la maiti. Harusi ya uwanjani, disco matanga, beach siku ya Idi ya pili, pale watu mia tano wako nje na upepo unachukua kila kitu, leta maspika marefu kama kabati, leta na jenereta, nami nitakuja nicheze. Nazungumzia chumba. Futi kumi kwa kumi, mwenye nyumba upande huu, mwenye mtoto mchanga upande ule, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, iwe Mtongwe, iwe Mlaleo, iwe Chaani. Ukuta huzuia sauti nyembamba na kuiachia nzito ipite. Kwa hiyo jirani yako hapati wimbo hata kidogo. Anapata dum dum, usiku, kifuani. Kuna kanuni za serikali za kelele tangu 2009, lakini hakuna anayeita askari kwa jirani. Watu hununiana tu, miaka.

Na hata hiyo ngoma mnayoitetea hamuipati. Nenda kwenye chakacha ya kweli uketi karibu na mpigaji. Utasikia kofi la kiganja kwenye ngozi, kavu, lenye ncha, kabla ya mvumo kufuata. Kofi lile liko juu. Wufa inakupa mvumo na kukunyima kofi, ni kama kuona vumbi la gari usilione gari. Mzee Joseph Ngala wa Freretown, mwenye Bango yake, alipuliza saksafoni ambayo sehemu kubwa ya utamu wake ni pumzi na mate kwenye mwanzi. Hapo hapo Freretown, pale Kengeleni, wazee walisimamisha kengele ili waliokombolewa utumwani waonywe hatari ikija. Walijua sauti gani humfikia mtu.

Sasa upande wa pili wa ugomvi wangu, manake nina maadui wawili. Yule wa kwanza ni muuza namba. Wa pili ni bwana wa Nyali mwenye waya wa spika wa bei ya pikipiki, anayeamini kwamba kusikia vizuri ni mambo ya watu wa tabaka lake, na sisi wa ng'ambo ya maji tumeumbiwa makelele. Na kibaya zaidi, tumemuamini. Tunasema "hizo ni vitu za watu wa pesa" huku ami yangu ametoa kwa wufa pesa ambazo zingenunua spika mbili nzuri za rafuni pamoja na amplifaya yake, chenji ikabaki ya kununua samaki.

Historia yenyewe inamkana bwana huyo. Miaka ya 1970 BBC walihitaji spika ya kukagulia sauti ndani ya magari ya matangazo ya nje, mle ambamo hata mtu huketi kwa kujikunja. Wahandisi wao wakatengeneza kisanduku kinachoitwa LS3/5A. Nafasi ya ndani yake ni kama lita tano, yaani dumu la mafuta ya kupikia. Hakitikisi bati la mtu. Kilitengenezwa ili fundi aliyebanwa ndani ya gari asikie kama mtangazaji anasikika kama binadamu, na mpaka leo watu wanakitafuta. Kitu kilichoundwa kwa nafasi ndogo kuliko chumba chako, kwa ajili ya sauti ya mtu. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ikatoa amplifaya ya bei nafuu, 3020, yenye wati 20 kwa kila upande. Ishirini. Za kweli. Iliuzwa kwa wingi ajabu, na wanafunzi waliokuwa hawana kitu ndio walioinunua.

Ishirini zinatoshaje? Hesabu ni fupi. Spika ya rafuni huandikwa usikivu wake kwa desibeli, tuseme 87. Maana yake ukiipa wati 1 na kuketi mita 1 mbele yake utapata desibeli 87, na hapo tayari ukitaka kuzungumza na mtu itabidi upaze sauti. Kuongeza desibeli 3 kunadai nguvu mara mbili. Kuongeza 10, ambapo sikio huhisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, kunadai nguvu mara kumi. Kwa wati 20 utafika 100, sauti ya kukufukuzisha nyumba. Muda mwingi unaposikiliza kwa raha yako unatumia chini ya wati moja. Moja! Zile nyingine ni akiba ya pale mpiga ngoma anapopasua ghafla.

Hizi spika zinapatikana wapi? Maduka ya ex-UK. Kontena zinashuka Kilindini na fanicha, friji, baiskeli za watoto, na katikati ya vurugu hilo mna spika za Waingereza waliofariki au kuhamia nyumba ndogo: Wharfedale, Mission, Tannoy, KEF, Celestion. Muuzaji huziweka nyuma kwa sababu hazina taa. Wateja wanazipita wakienda kwenye taa. Nimezipata pia Kongowea, zimewekewa juu yake rundo la mikoba.

Nenda na betri moja ya volti 1.5, ile ya rimoti, na kipande cha waya. Gusisha kwenye matundu ya spika kwa nukta moja. Ikilia tak, iko hai, na ukigusisha chanya kwenye nyekundu koni itaruka mbele. Sukuma koni taratibu kwa vidole vyote, usawa; ikikwaruza, achana nayo. Kagua ukingo unaoishikilia koni pande zote. Ukiwa ni sponji, kwa chumvi na joto letu la Pwani utakuwa umeoza au uko njiani, utakatika kama keki. Raba hudumu. Nusa sanduku lenyewe: mbao za kubandika zikinyweshwa maji huvimba kwenye pembe. Tega sikio kwenye tuita, ile ndogo ya juu, kila upande kwa zamu yake, kwa wimbo unaoujua kwa moyo. Usikubali wimbo wa muuzaji. Muuzaji ana wimbo wake mmoja na wenyewe ni besi mwanzo mwisho.

Amplifaya ndiyo watu wanapokosea ndoa. Kwanza soma volti nyuma. Mashine nyingi nzuri zinazotoka Japani kwa matumizi ya kwao ni za volti 100, na ukiichomeka kwenye 240 yetu utasikia harufu kabla ya muziki. Pili, ukinzani. Spika imeandikwa omu 8, au 6, au 4. Namba ikiwa ndogo, spika huivuta amplifaya kwa nguvu zaidi. Amplifaya iliyoandikwa inabeba kuanzia 8 usiifunge spika ya 4, itachemka na kuzima, au isizime na kuungua. Tatu, mwambie fundi apime kwa mita yake matundu ya kutokea spika, amplifaya ikiwa imewashwa bila wimbo. Isome karibu na sifuri. Ikisoma volti nzima nzima, hiyo itapika spika zako kimya kimya. Kukwaruza kwa kinobu cha sauti ni uchafu tu, dawa ya kupuliza inamaliza, na ni sababu nzuri ya kuteremsha bei.

Halafu kuna hivi vijidude vipya vya China, vya ukubwa wa boksi la chai, ndani mna chipu ya Texas Instruments inayoitwa TPA3116. Mimi navipenda. Lakini hata humo yule shetani wa namba ameingia. Chipu hiyo hutoa wati 50 kwa kila upande ikilishwa volti 21 na spika ya omu 4. Muuzaji anakupa kichaji cha volti 12 na kuandika 100W. Kwa volti 12 na spika ya omu 8 utapata kama wati 9. Sasa umeshajua kuwa 9 za kweli zinatosha chumba chako, nunua, lakini mteremshie bei kwa hizo zilizokosekana.

Na usije ukaiminya mpaka mwisho. Watu hudhani spika huunguzwa na amplifaya kubwa. Ndogo iliyolazimishwa huunguza zaidi: mawimbi hukatwa vichwa, yale makali yanayozaliwa hapo hukimbilia juu, na wa kwanza kufa ni tuita. Ndiyo maana spika nyingi za mitumba hukuta upande wa juu umezimika. Kuna sherehe ya mtu ilipita hapo.

Waya? Wa shaba, ule wa 1.5 wa taa za nyumba, mita tatu kila upande, kutoka hadwea. Bwana wa Nyali akicheka mwache acheke. Nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika zitavutana, besi ipotee na mwimbaji atoke katikati akapotee ukutani. Ziweke tuita usawa wa masikio ukiwa umeketi, matofali mawili matatu chini yake yanafaa, zisigusane na ukuta, na umbali kati yao uwe kama umbali wako nazo. Chumba cha simiti na bati hulia kama birika. Tundika leso, weka godoro, panga vitabu. Hapo umemaliza.

Mimi haya nilifundishwa na fundi mmoja wa Magongo. Nilimpelekea lile gunia. Nilivuka feri, nikapanda matatu ya Changamwe, nikamkuta ameinamia redio ya gari. Nilimwamkia, nikamweleza: Shikamoo fundi, nimeambiwa hizi zimekufa, nataka tu kujua kama kuna chochote cha kuhamishia kwenye simu.

"Nani alokwambia zimekufa?"

"Ami."

"Alizitia kwenye nini?"

Nikamwambia. Hakucheka. Akaifuta deki kichwa chake kwa pamba na spiriti, akatia kanda ya harusi, na kwenye rafu juu ya benchi palikuwa na Wharfedale mbili zilizochakaa, moja imepigwa gundi kwenye pembe, na kiamplifaya kilichovuliwa nguo, waya nje. Akabonyeza.

Kwanza nilisikia mtu akikohoa. Kisha kikombe kikiwekwa kwenye sahani. Kisha mwanamke akasema karibu sana na kinasa sauti, "Sogea huko, wanikanyaga leso," na wengine wakacheka, na nikajua chumba kile kilikuwa na ukubwa gani na watu waliketi vipi. Fundi akaendelea na redio yake ya gari. "Kanda haina neno," akasema bila kuinua macho. "Mwambie ami yako hivyo."

Nilizinunua zile spika. Elfu tano na mia tano, na kile kijidude cha China elfu tatu. Nilivuka nazo usiku, feri imejaa, mtu akaniuliza kama ni za gari.

Sasa lazima niwaambie kuhusu shoga yake bibi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka. Watu 272 walikufa. Yeye alikuwemo. Nyumbani kwetu jina lake hutajwa kwa kupita, haraka, na picha yake hakuna, manake picha za wakati ule zilikuwa za studio na hakuwa mtu wa studio. Kitu pekee kilichobaki cha mwili wake hapa duniani ni dakika arobaini na tano za sumaku kwenye kanda ambayo tuliitia gunia moja na viatu.

Niliziweka spika juu ya matofali, bibi akaketi katikati. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo hakujua nini kimebadilika, aliona tu hakuna taa za buluu. Nikapiga. Alipoimba upande wake mwenyewe alikunja uso, akasema alikuwa na mafua siku ile. Kisha upande wa pili ukaingia, sauti moja juu ya zote, nyembamba, yenye dharau tamu, na bibi akaweka mkono kinywani.

Palikuwa na neno kwenye beti la yule shoga. Kwa miaka mitatu, tangu harusi mpaka feri, waligombana kwalo kwa mzaha kila walipokutana kisimani. Bibi alishikilia kwamba alitukanwa kuwa kaa la moto, kwamba watu wake ni wachomaji, wafitini. Mwenzake alikuwa akikana na kucheka, hasemi alisema nini. Mzee aliyefia majini akaondoka na jibu lake.

"Rudisha," bibi akaniambia. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena.

Pumzi ilikuwepo. Ndogo, safi, baada ya k.

"Mwanamke huyu!" akasema. "Kaa wa pwani! Alisema kaa wa pwani! Yaani sisi twatembea upande!" Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akalia, kisha akacheka tena, na mimi nikashika kinobu sijui niteremshe au niache.

Ami alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Hakusema neno kuhusu wufa na mimi sikumuuliza, bado ana miezi minne ya kulipa. Kanda tisa kati ya kumi na moja ziko salama. Moja imekatika, fundi ameiahidi wiki ijayo. Nyingine ni ile ile ya harusi: upande wake wa pili, ambako bibi anasema ndiko alikojibu lile tusi, kuna mtu alirekodi juu yake matangazo ya mpira wa redioni, dakika zote tisini zikiishia arobaini na tano. Bibi anasema ni ami. Ami anasema wakati ule alikuwa hajui hata kuwasha deki.